Kababu za Kiswidi: Sufuria Isikae Vuguvugu

Sherehe ya Kiswidi, hasa karamu ya Krismasi, ni nadra kukosa kababu za nyama. Mwandishi wa mapishi Cajsa Warg aliziandika katika kitabu chake mwaka 1755. Nyama ya kusaga, mara nyingi ya ng'ombe na nguruwe (wasiokula nguruwe hutumia ya ng'ombe tupu), huchanganywa na kitunguu, yai na chenga za mkate zilizolowekwa kwenye maziwa, ikaviringwa, ikakaangwa kwa siagi, kisha ikatiwa mchuzi wa krimu. Wengi huiogopa krimu. Cha kuogopwa zaidi ni nyama isiyoiva katikati na, kuliko hata hiyo, sufuria kubwa inayopoa taratibu huku wageni wakizungumza.

Vijidudu vya kipande kizima cha nyama hukaa zaidi juu, mahali ambapo moto hufika kwanza. Kusaga huvipeleka ndani. Kababu kwenye siagi ya moto hupiga rangi ya kahawia upesi, na kiini chake kingali kibichi. Mwaka 1993, hamburger zisizoiva vizuri ziliwafanya watu zaidi ya 700 magharibi mwa Marekani waugue, na watoto 4 wakafariki. Mamlaka ya chakula ya Uswidi inashauri nyama ya kusaga ifike angalau nyuzi 70 za Selsiasi katikati. Mtu atasema rangi inatosha kumwonyesha. Haitoshi, kwa kuwa nyama ya kusaga inaweza kupoteza wekundu kabla ya kufika joto hilo. Chomeka kipimajoto kwenye kababu kubwa kuliko zote; ikiwa bado, ziache zitokote ndani ya mchuzi. Na anayetaka kujua kama chumvi imekolea asilambe nyama mbichi: akaange kitonge kimoja, aonje hicho.

Hoja nzito zaidi ya wapishi ni kwamba kilichochemka kimeshakuwa salama. Bakteria aitwaye Clostridium perfringens hutengeneza spora zinazostahimili kuchemka. Mchuzi ukishuka chini ya nyuzi 60, spora huamka. Kwenye nyuzi 43 hadi 45, bakteria hao huweza kuongezeka maradufu kwa takriban dakika 10. Nyama iliyozama katika mchuzi mzito, pasipo hewa, inawafaa mno. Tumbo la kusokota na kuhara huanza saa 6 hadi 24 baadaye, na huenda chakula hakikuwa na harufu yoyote mbaya. Kupasha moto hadi kitokote huua bakteria hao, kwa hiyo kuna maana. Lakini Bacillus cereus, ambaye huweza kutoka kwenye unga wa kufanya mchuzi uwe mzito, anaweza kuacha sumu ya kutapisha isiyoharibiwa na joto la jikoni.

Basi pakua kidogo kidogo mezani, na kinachobaki kikae motoni juu ya nyuzi 60. Wengine husita kutia chakula cha moto kwenye friji, na wana haki: sufuria nzima hupasha vilivyomo humo. Gawa kababu na mchuzi kwenye vyombo vya kina kifupi, viweke ndani ya beseni la maji baridi, kisha viingie frijini kabla ya saa 2 kupita. Sufuria iliyojaa hupoa polepole hata ikiachwa kwenye roshani usiku wa Desemba, kwa hiyo huko nako igawe kwanza.