"Zawadi Msilete, Wapeni Maskini": Je, Ni Vema Kuomba Hivyo?



Katika nchi yetu ni vigumu kuona sherehe isiyo na zawadi. Mtoto akibatizwa huletewa shuka na nguo. Akipokea Komunyo ya kwanza hununuliwa viatu na rozari. Vijana wakifunga ndoa, jamaa na rafiki hujipanga mstari wakacheza mpaka mbele ya maharusi, huyu amebeba sufuria kichwani, yule godoro, mwingine avuta mbuzi kwa kamba. Desturi hiyo ni njema, nasi hatuna neno juu yake.

Siku hizi, lakini, limeingia jambo jingine. Wako watu ambao, wakiadhimisha jubilei ya ndoa au siku ya kuzaliwa, huandika katika kadi ya mwaliko: "Tafadhali msituletee zawadi. Fedha zenu wapeni yatima." Wageni wengine hulisifu jambo hilo. Wengine hununa, wakisema: "Hayo ni majivuno. Nani kawaambia kwamba sisi hatujui kutoa sadaka?" Basi yatupasa tulichunguze kwa utulivu. Je, ombi hilo ni jema? Na kama ni jema, liombwe kwa namna gani?

I. MIFANO MEMA IKO

Kwanza tujue kwamba ombi la namna hii si uzushi wa watu wa mjini. Mwaka 1979 Mama Teresa wa Kalkuta alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kwa desturi mshindi huandaliwa karamu kubwa katika mji wa Oslo, huko Norwe. Yeye aliomba karamu hiyo isifanywe, na gharama yake iwafae maskini. Na ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa Machi mwaka 2013, Papa Fransisko alipochaguliwa, watu wengi wa kwao Argentina walitaka kusafiri mpaka Roma wakashuhudie mwanzo wa utume wake. Aliwaomba wabaki kwao, na fedha ambazo wangetumia safarini wawape wahitaji.

Angalieni jambo moja katika mifano hiyo miwili. Mama Teresa hakuifuta karamu ya mtu mwingine, bali ile iliyoandaliwa kwa heshima yake mwenyewe. Papa naye alijinyima furaha ya kuwaona watu wa nyumbani siku yake kubwa. Kila mmoja alianza kwa kujinyima.

Na Bwana wetu mwenyewe, alipoalikwa chakula kwa Farisayo mmoja, alimfundisha mwenyeji wake kwamba afanyapo karamu asiwaite tu rafiki, ndugu na jirani matajiri, ambao watamwalika nao wamlipe. Awaite maskini, viwete na vipofu, ambao hawana cha kumrudishia (Lk 14). Neno hilo lagusa desturi yetu penye kidonda. Kwani kwetu zawadi nyingi ni deni. Mwenye sherehe huweka daftari: fulani alileta shuka jozi mbili, fulani kreti ya soda; na siku ya fulani ikifika, kurudisha ni lazima, na kutorudisha ni aibu. Hatusemi kwamba kufaana hivyo ni dhambi. Ndiko kunakoshikamanisha ukoo na ujirani. Lakini maskini asiye na cha kurudisha hubaki nje. Jina la yatima halimo katika daftari la mtu. Kwa hiyo anayesema, "Fungu langu mpelekeeni yule asiyeweza kuwalipa," amelielewa somo la Injili.

II. LAKINI BWANA ALIPOKEA MARHAMU

Hata hivyo Injili ina ukurasa mwingine, nao yafaa usomwe pamoja na ule wa kwanza. Huko Bethania, siku sita kabla ya Pasaka, Maria ndugu yake Lazaro alimpaka Yesu miguu kwa marhamu ya nardo yenye thamani kubwa (Yn 12). Yuda Iskariote akanung'unika: kwa nini marhamu haya yasiuzwe kwa dinari 300, wakapewa maskini? Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Hesabuni wenyewe: ni karibu mshahara wa mwaka mzima.

Maneno ya Yuda, tukiyasikia kwa haraka, ni maneno mema. Yakaribia sana kuwa yale tunayoyasoma katika kadi za mwaliko. Lakini Bwana hakumsifu. Alisema mwanamke yule aachwe, kwani maskini wangekuwa pamoja nao siku zote. Watu wengine hulitumia neno hilo kama ruhusa ya kuwasahau maskini. Sivyo. Torati yasema kwamba maskini hawatakoma katika nchi, na kwa sababu hiyo hasa yaamuru kila mtu amfungulie mkono ndugu yake mhitaji (Kum 15). Bwana hakuwatupa maskini. Alikataa tu wasifanywe fimbo ya kuupigia moyo wa mtu anayetoa kwa upendo.

Yuda alikosa wapi basi? Tukitazama vema twaona makosa matatu, na katika kila kosa limo somo kwa mwenye sherehe.

III. MASWALI MATATU YA MWENYE SHEREHE

1. Mali hii ni ya nani? Yuda alipanga matumizi ya marhamu ambayo hakuyanunua. Kuwa mkarimu kwa mali ya mwingine ni rahisi mno. Kwa hiyo anayetaka wageni wake wawakumbuke maskini aanze yeye. Kama amekodi ukumbi wa fahari, ameagiza keki ya ghorofa tano na kuwashonesha jamaa sare mpya, kisha awaambia wageni wapeleke zawadi zao kwa yatima, ombi lake halina uzito. Apunguze kwanza keki ndipo awaombe wageni. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Na moyo huo ni wa mtoaji, hauamriwi na mwombaji.

2. Mgeni wangu yu huru? Yuda alimwaibisha mtoaji mbele ya watu. Tuchukue mfano. Bibi mmoja amealikwa katika jubilei ya mjukuu wake. Fedha hana. Kwa miezi mitatu amesuka mkeka wa ukindu, akautia rangi, akaukunja na kupanda nao basi. Afika mlangoni, kijana wa mapokezi amwambia: "Shikamoo bibi. Samahani, leo hatupokei zawadi, twapokea mchango wa yatima tu." Bibi ajibu: "Marahaba, mjukuu wangu. Mkeka huu si wa dukani. Nimeusuka nikimwombea mwenzio." Je, arudi nao? Hasha! Mkeka ule ndio marhamu ya Bethania. Upokelewe kwa mikono miwili, utandikwe, na wenye jubilei waukalie siku ile ile.

Kwa sababu hiyo pia haifai kutaja kiwango cha mchango, wala kuwatangaza watoaji kwa kipaza sauti, fulani laki moja, fulani elfu tano. Bwana wetu alikataza kupiga baragumu wakati wa kutoa sadaka (Mt 6), na alimsifu mjane aliyetia sarafu mbili ndogo kuliko matajiri wote (Mk 12). Mapokeo yasimulia kwamba Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Mira katika karne ya 4, aliwasaidia binti watatu wa baba maskini waliokosa mali ya kuolewa kwa kuwatupia dhahabu nyumbani mwao usiku, asijulikane. Kasha lenye tundu, lililowekwa kando, ambamo elfu tano na laki moja huingia bila kelele, latosha kabisa.

Tena iko njia nyingine isiyomfunga mgeni hata kidogo: kupokea kwanza, kisha kugawa. Mwezi wa Desemba mwaka 1964 Papa Paulo VI alikwenda Bombay, India, kwa Kongamano la Ekaristi. Gari alilopewa kuendea huko alimwachia Mama Teresa. Mama hakulipanda; alilichezesha bahati nasibu, na fedha zake zikasaidia kazi ya kuwatunza wagonjwa wa ukoma. Mwenye sherehe aliyeletewa blanketi sita aweza vilevile kubaki na mbili na kupeleka nne hospitali. Lakini atumie busara: mkeka wa bibi hauuzwi.

3. Mfuko ameshika nani? Mwinjili Yohane aeleza bila kuficha kwamba Yuda hakusema vile kwa kuwahurumia maskini. Alikuwa mwivi, yeye ndiye aliyeushika mfuko. Jambo hili latuhusu sana. Ni mara ngapi fedha zilikusanywa kwa jina la wahitaji, zisionekane tena? Basi itajwe nyumba ya yatima au hospitali inayokusudiwa, na wakuu wake waulizwe mapema wana haja ya nini. Pengine wana nguo za kutosha ila wakosa unga, sabuni au ada za shule. Fedha zihesabiwe na watu wawili au zaidi. Na baada ya sherehe wageni waarifiwe jumla yake na mahali zilipopelekwa. Palipo na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzishwa mjini Paris mwaka 1833 na kijana Frederic Ozanam na wenzake, waulizwe hao. Kazi yao ni kuwatembelea maskini nyumbani kwao, nao wajua ni nani ambaye paa lake lavuja.

IV. WATOTO, NA WALE WANAOANZA MAISHA

Wazazi wengine, kwa nia njema, humwambia mtoto wa Komunyo ya kwanza kwamba zawadi zake zote watapewa watoto yatima. Hapo tuwe waangalifu. Mtoto aliyenyang'anywa hakufundishwa kutoa. Amefundishwa kuwachukia wale waliopewa. Afadhali aulizwe: "Mwanangu, katika vitu hivi, ni kipi ungependa kumpelekea mwenzako?" Hata akichagua daftari moja tu, lichukuliwe, na alipeleke kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo njia ya Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa: mtoto husaidia mtoto, kwa kidogo chake na kwa sala yake.

Na maharusi wasio na kitu wasione haya kupokea. Kijana aliyepanga chumba kimoja, asiye na sufuria wala kitanda, ni mhitaji naye. Rafiki akimwuliza, "Nikuletee nini?" amjibu kweli: "Ndugu yangu, twahitaji ndoo na jiko." Jibu hilo si ulafi, lamwokoa rafiki asilete seti ya kumi ya bilauri. Ila asubiri kuulizwa, wala asitaje kitu kinachopita uwezo wa rafiki.

V. MANENO YA KADI

Kwa yule anayetaka kuomba jambo hili katika sherehe yake, kadi yaweza kusema hivi: "Kuja kwenu kwatutosha kuwa zawadi. Sisi tumekwisha kutoa fungu letu kwa ajili ya nyumba ya yatima ya parokia. Anayependa kuungana nasi, kasha liko mlangoni. Na aliyetuandalia kitu kwa mkono wake, tutakipokea kwa furaha." Humo mwenye sherehe ametangulia kutoa, mgeni yu huru, na kila mtu ajua sadaka yaenda wapi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika sherehe yetu ya mwisho, ni nani hakualikwa au hakuja kwa kukosa cha kuleta?

2. Tukiadhimisha tena, ni gharama ipi tutaipunguza sisi wenyewe kabla ya kuwaomba wageni?

3. Ni zawadi ipi tuliyopokea kwa dharau, nayo ilitolewa kwa upendo? Je, mtoaji yu hai, tukamshukuru?

Swali la tatu lisingoje sherehe. Aliye na bibi aende akamwone Jumapili hii.