SOMO LA VIKUNDI: Tuzo na Daftari



Huko Marekani kuna mkutano wa kila mwaka ulioanzishwa na Kanisa la United Church of Christ miaka ya 1980. Hapo hutolewa tuzo yenye jina la Mchungaji Everett Parker kwa watu waliotetea haki za wananchi katika redio, televisheni na simu. Nyingine, yenye jina la Donald McGannon, ni ya waliowafungulia wanawake na watu wasio wazungu njia katika kazi hizo. Tuzo ziko nyingi duniani, na zingine ni wakubwa kupigiana makofi tu. Hizi nimezichagua kwa sababu ya kazi iliyozitangulia.

Katika mji wa Jackson, jimbo la Mississippi, kulikuwa na kituo cha televisheni kiitwacho WLBT. Karibu watu 45 katika kila 100 wa eneo lake walikuwa weusi, lakini ukiwasha televisheni ungedhani hawapo. Wakitajwa, hawakuitwa Bwana wala Bibi. Mwaka 1955 wakili mweusi Thurgood Marshall alipokuwa akihojiwa, picha ilikatwa na tangazo likawekwa eti waya una hitilafu. (Ni Marshall huyu aliyewashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwaka 1960.)

Parker hakurusha mawe. Mwaka 1964 aliwafundisha watu wa kujitolea kutazama kituo hicho wiki nzima na kuandika: saa ngapi, nani ameonekana, amesema nini. Majina yao yalifichwa, maana Mississippi ya siku zile mtu angeweza kuuawa kwa jambo kama hilo. Kisha Kanisa, pamoja na viongozi weusi wa pale, Aaron Henry na Mchungaji R. L. T. Smith, wakaomba tume ya serikali, FCC, isikipe kituo leseni tena.

Tume ikajibu kwamba watazamaji tu hawawezi kuingia katika kesi ya leseni. Jibu la namna hii si tunalijua? Wakaenda kortini. Mwaka 1966 Jaji Warren Burger akaamua kwamba msikilizaji na mtazamaji ana haki ya kusikizwa. Hata hivyo, mwaka 1968 tume ikatoa leseni ileile! Wakarudi kortini, na mwaka 1969 leseni ikafutwa. Kufikia 1972 meneja mkuu wa WLBT alikuwa William Dilday, Mmarekani mweusi.

Kazi ya kikundi:

Chagueni kituo kimoja cha redio. Kwa wiki moja, wawili wawili kwa zamu, andikeni ni wanawake wangapi wamezungumza, ni wakulima wangapi, ni watu wangapi wenye ulemavu. Walijisemea wenyewe, ama walisemewa? Mkikutana, mwandishi asome bila kuongeza chumvi.

Halafu mjadiliane: ni nani hakusikika wiki nzima? Katika mikutano yetu, katibu huandika maneno ya nani? Mtaanza lini, na daftari litakaa kwa nani?