Kanzu Iliyochanwa kwa Nyuma: Tunachokipenda na Tunachokichukia katika Riwaya za Taharuki na za Kinjozi



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, muhula huu swali moja limerudi mara nyingi katika darsa zetu za baada ya Magharibi: je, inafaa Mwislamu kusoma riwaya za taharuki na za kinjozi? Za taharuki nakusudia zile za upelelezi, ujasusi na mauaji ya siri. Za kinjozi nakusudia zile zenye ulimwengu wa kubuni, mazimwi, wachawi na falme zisizokuwemo katika ramani yoyote.

Swali hili si la mchezo. Maktaba yetu ndogo ya msikiti imeletewa katoni ya vitabu vya aina hiyo, na wenzetu hawajaafikiana kama vipangwe rafuni au virudishwe. Wakati tunajadiliana, wanafunzi wanasoma vitabu hivyo hivyo kwenye simu, usiku, taa zimezimwa. Tukinyamaza, kila mmoja atachagua peke yake bila mwongozo.

Kabla ya kutafuta hukumu, niliwauliza ndugu na dada wa darsa mambo mawili tu: unapenda nini katika riwaya hizi, na unachukia nini? Nikayapima majibu yao kwa visa vya Qur'ani.

Wanachokipenda

Jibu la kwanza ni hamu ya kujua. "Nataka kujua itakuwaje," wengi walisema. Hamu hii si dhambi; Mwenyezi Mungu ametuumba nayo, na Qur'ani inaizungumzisha. Tazama Surat Yusuf. Katika aya ya 4 kijana anamsimulia baba yake ndoto, na tafsiri yake inatimia katika aya ya 100. Katikati kuna kisima, utumwa, fitina na jela. Msomaji ameshaiona ndoto, lakini hajui itafikaje mwisho wake.

Tazama pia Surat al-Kahf, aya ya 60 mpaka 82. Nabii Musa (A.S.) anafuatana na mja wa Allah tuliyezoea kumwita Khidhr. Jahazi linatobolewa, kijana anauawa, ukuta unajengwa bila malipo. Musa haelewi, nasi hatuelewi pamoja naye. Maelezo yanakuja wakati wa kuagana, na hapo kila lililotushangaza linapata sababu yake.

Jibu la pili ni kuona haki ikidhihirika kwa ushahidi. Hapa nairudia Surat Yusuf, aya ya 25 mpaka 28. Mke wa Azizi anamsingizia Yusuf. Ni neno la bibi mkubwa dhidi ya neno la mtumwa, na kwa desturi ya dunia mtumwa angeshindwa. Shahidi kutoka katika jamaa za mwanamke mwenyewe anatoa kipimo: kanzu ikiwa imechanwa kwa mbele, mwanamke amesema kweli, ikiwa imechanwa kwa nyuma, amesema uongo. Kanzu inatazamwa, na kitambaa kinatoa ushahidi. Mpenzi yeyote wa riwaya za upelelezi anaijua raha ya mahali kama hapo.

Raha hiyo tunaijua pia katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyochapwa mwaka 1960. Maiti inakutwa mahali watu wanapopaogopa kwa sababu ya mzimu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hakimbilii kuulaumu mzimu. Anauliza, anatazama, anapima, na anamtafuta binadamu aliyefanya. Kwetu sisi, ambao bado tunaona mabango ya waganga kwenye nguzo za umeme, hilo ni somo zito: hofu ya mzimu inaweza kuwa pazia la mhalifu.

Wanachokichukia

Malalamiko ya kwanza yalikuwa ya kudanganywa. Umesoma kurasa 300, kumbe muuaji ni mtu ambaye hakutajwa hata mara moja. Au shujaa amezingirwa pande zote, mara anapata nguvu mpya ambazo mwandishi hakuwahi kuzigusia.

Waandishi wenyewe wanalijua jambo hili. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kikatoliki wa Uingereza aliyeandika riwaya za upelelezi, aliweka kanuni kumi za fani hiyo. Mojawapo inakataza fumbo lisitatuliwe kwa nguvu za mizimu au miujiza. Katika riwaya za kinjozi, Mmarekani Brandon Sanderson naye ameeleza kuwa mwandishi ana haki ya kutatua matatizo kwa uchawi wa kubuni kadiri msomaji anavyouelewa uchawi huo. Ukitazama vizuri, wote wawili wanazungumzia amana. Msomaji amekupa saa zake, basi usimfanyie hila.

Malalamiko ya pili yalikuwa ya uchafu: kurasa za zinaa ambazo ukizitoa hadithi haipungukiwi kitu, na damu inayomwagwa ili kurasa zijae tu. Malalamiko ya tatu niliyasikia zaidi kwa akina dada. Mhusika mwenye jina la Kiislamu akitokea, unajua mapema kwamba ndiye atakayebeba bomu. Dada mmoja alisema hufunga kitabu hapo hapo. Mwandishi wa namna hiyo amemdhulumu Mwislamu, na fumbo lake pia ameliharibu, maana msomaji ameshalijua jibu.

Je, kubuni si uongo?

Hoja hii ni ya zamani. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, aliitangulia katika dibaji ya *Maqamat* zake zenye visa vya kubuni kuhusu mjanja mmoja mwenye ulimi mtamu. Alijitetea kwa mfano wa hadithi za wanyama, ambazo watu husimuliana kwa mafunzo, na kwa kanuni kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Mwongo anataka uamini jambo lisilokuwepo. Msomaji wa riwaya anajua tangu jalada kwamba jambo halikutokea. Wapo masheikh waliochukua msimamo mkali zaidi, na nawaheshimu, lakini hoja hii naiona ina nguvu.

Hata hivyo kuna onyo la kweli. Katika Sira tunasoma habari za Nadhr bin al-Harith wa Makka. Alikwenda Hira, akajifunza visa vya wafalme wa Uajemi, vya Rustam na Isfandiyar. Mtume (S.A.W.) alipoondoka mahali alipokuwa akilingania, Nadhr alikaa pale pale na kudai kuwa hadithi zake ni nzuri zaidi. Baadhi ya wafasiri wameihusisha aya ya 6 ya Surat Luqman naye, ingawa wengine, akiwemo Ibn Mas'ud (R.A.), waliifasiri kuwa ni nyimbo. Aya yenyewe inataja kosa: kununua maneno ya upuuzi ili kuwapoteza watu na njia ya Allah. Kwa ufahamu wangu, kosa la Nadhr si kumjua Rustam, bali ni kumtumia Rustam kuwatoa watu kwenye Qur'ani.

Kuhusu uchawi, itikadi yetu iko wazi. Sihri ipo, nayo imekatazwa, kama tunavyosoma katika Surat al-Baqara, aya ya 102. Katika Surat Taha, aya ya 66 mpaka 69, kamba na fimbo za wachawi zilionekana tu kana kwamba zinakwenda, na mchawi hafaulu popote aendapo. Kwa hiyo natenganisha mambo mawili. Riwaya yenye zimwi linalotema moto katika nchi isiyokuwepo ni mchezo wa akili. Kitabu kinachofundisha hirizi, ramli au kuita majini hakina nafasi mikononi mwetu, hata kikivaa jalada la riwaya.

Vipimo vinne

Kwa haya naona katoni ile isihukumiwe kwa jumla. Vitabu visomwe kimoja kimoja, na ndugu na dada waliochaguliwa na chama, chini ya uangalizi wa imamu wetu. Na kila msomaji ajiulize:

1. Je, kitabu hiki kinanipitisha wakati wa sala? Mtume (S.A.W.) alichukia mazungumzo baada ya Isha, kama ilivyo katika Sahih al-Bukhari. Riwaya inayokulaza alfajiri imeshakula haki isiyo yake, hata kama ni safi.
2. Je, inanifanya nimpende dhalimu na nimdharau mnyonge, au inanifundisha kutafuta ushahidi kabla ya kuhukumu?
3. Je, kurasa zake ningeweza kuzisoma mbele ya mama yangu?
4. Nikiifunga, je, bado nina hamu ya kufungua msahafu?

Kipimo cha nne ndicho kizito zaidi. Aya ya 3 ya Surat Yusuf inatufahamisha kwamba tumesimuliwa simulizi zilizo bora kabisa. Aliyezoea kuitafuta kanzu iliyochanwa kwa nyuma katika riwaya, na asiitafute katika Surat Yusuf, amejinyima.

Tunamwomba Allah atujaalie wasomaji wenye kupambanua, atuepushe na upuuzi na atupe manufaa katika tunayoyasoma. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.