Kufungua Kilango cha Kamera kwa Mbali: Chombo cha Kujitengenezea kwa Somo la Nyota

Mwalimu wa jiografia afundishapo kwamba dunia hujizungusha katika mhimili wake, mwanafunzi huandika maneno hayo daftarini na kuyakariri. Ni wachache waliopata kuuona mzunguko huo ukipimwa. Hali kipimo chenyewe si kigumu. Kamera ikielekezwa angani usiku na kilango chake kikaachwa wazi kwa dakika 20, kila nyota huacha mstari badala ya nukta, na urefu wa mstari huo ndio mwendo wa dunia.

Kikwazo ni kidole cha mpiga picha. Nyota huonekana kusogea digrii 15 kwa saa, yaani sehemu moja ya kumi ya digrii kwa sekunde 24. Kidole kinachobonyeza kamera huweza kuitikisa kwa kiasi hichohicho mara moja, na pengine zaidi. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, picha yangu ya kwanza ya namna hii ilitoka na mistari yenye kikunjo mwanzoni mfano wa ndoana, na mkufunzi wangu akaniuliza kama kwetu nyota hujikwaa zinapochomoza. Aidha, kamera nyingi za leo hazikubali kupangiwa zaidi ya sekunde 30. Kwa muda mrefu kuliko huo sharti kuweka alama ya B, ambapo kilango hubaki wazi maadamu kibonyezo kimeshikiliwa. Herufi hiyo ni kumbukumbu ya kibofu cha mpira ambacho wapiga picha wa zamani walikiminya ili hewa ipite katika bomba na kusukuma kilango.

Nyaya za kufungulia kilango huuzwa madukani, lakini ndani yake hamna siri yoyote. Tuchukue kamera za Canon za daraja la chini, zile zenye tundu dogo la mviringo ubavuni. Tundu hilo hupokea plagi ya stereo ya milimita 2.5, kamera nyingi za Pentax hutumia plagi iyo hiyo. Plagi ya milimita 3.5, iliyozoeleka katika redio, haiingii, wala isilazimishwe. Kamera za aina nyingine zina matundu ya maumbo mengine, kwa hiyo mwalimu asome kwanza kitabu cha maelekezo cha kamera aliyo nayo.

Plagi ina sehemu tatu za chuma zilizotenganishwa na mikanda miwili myeusi: ncha, pete na shina. Shina ni njia ya pamoja. Pete ikiunganishwa na shina, kamera hulenga na kupima mwanga, kama vile kibonyezo kimebonyezwa nusu. Ncha ikiunganishwa na shina, kilango hufunguka. Hiyo ndiyo sakiti nzima.

Basi tafuta plagi hiyo, waya wenye nyuzi tatu wa urefu wa mita 2, vibonyezo viwili vya aina ya kengele ya mlangoni, swichi moja ndogo inayobaki ilipowekwa, na kopo la plastiki lenye mfuniko. Lehemu uzi mmoja kwenye kila sehemu ya plagi. Ndani ya kopo, uzi wa shina ugawanywe uende kwenye vibonyezo vyote viwili. Uzi wa pete uende upande wa pili wa kibonyezo cha kwanza, na uzi wa ncha upande wa pili wa kibonyezo cha pili. Swichi iwekwe sambamba na kibonyezo cha pili: ndiyo itakayoshika kilango kwa dakika 20 bila kuchosha mkono wa mtu. Funga fundo katika waya pale unapoingia kopo, ili ukivutwa gizani usinyofoe viungo.

Hapa yapasa tahadhari, kwa kuwa katika shule nyingi kamera ni moja tu, na mara nyingi ni ya kuazima. Chombo hiki hakina betri, wala kisitiwe. Umeme mdogo unaohitajika hutoka katika kamera yenyewe. Kazi ya kibonyezo ni kuunganisha njia tu. Volti zozote za nje zikiingizwa katika tundu lile, kamera yaweza kuharibika. Kwa hiyo chombo kipimwe kabla hakijaisogelea kamera. Kwa mita ya umeme, ukinzani kati ya shina na pete uwe karibu sifuri kibonyezo cha kwanza kikibonyezwa, na usiwe na kikomo kikiachwa. Hali kadhalika kati ya shina na ncha kwa kibonyezo cha pili na kwa swichi. Kati ya pete na ncha pasiwe na njia wakati vyote vimeachwa. Tikisa waya huku ukipima. Asiye na mita atumie betri ya tochi na glopu yake, kisha aviondoe kabisa kabla ya kuchomeka plagi.

Wenye kamera ya zamani ya filamu isiyo na tundu la umeme wanaweza kutumia mabomba mawili mapya ya sindano, ya mililita 5, yaliyounganishwa kwa mpira mwembamba, moja likiwa limefungwa juu ya kibonyezo cha kamera. Yajazwe maji, si hewa. Mpira wa mita 3 wenye kipenyo cha ndani cha milimita 4 una ujazo wa karibu sentimita za ujazo 38. Ukisukuma sentimita 5 za hewa humo, ujazo hushuka kutoka 43 hadi 38, na kwa kanuni ya Boyle kanieneo hupanda mara 1.13 tu. Juu ya pistoni yenye kipenyo cha milimita 12, hiyo ni kani ya nyutoni 1.5 hivi, nayo huishia karibu yote katika msuguano. Maji hayabonyei hivyo. Hakikisha tu kwamba hayavuji juu ya kamera.

Sasa jaribio. Chagua usiku usio na mwezi, mbali na taa za mji, katika mwezi wa Januari mapema usiku. Elekeza kamera kwenye zile nyota tatu zilizopangana katika kundi la Orioni, ambazo ziko karibu kabisa na ikweta ya anga. Kamera ifungwe juu ya stendi imara, na lenzi ilengwe kwa mkono, kwa sababu mtambo wa kujilenga hupapasa gizani na kukataa kufungua. Tundu la lenzi liwe f/8, wepesi wa filamu au kamera uwe 100, na betri iwe imejaa. Fungua swichi kwa dakika 20 kamili.

Kesho yake, kwa lenzi ileile pasipo kubadili ukuzaji, piga picha ya rula ya mita moja iliyolazwa ukutani, kamera ikiwa mbali nayo mita 11 na sentimita 45. Kutoka umbali huo rula huchukua pembe ya digrii 5. Linganisha picha mbili hizo katikati ya fremu: mstari wa nyota na rula vitakuwa na urefu mmoja, kwani theluthi ya saa ni digrii 5. Wenye vipimo makini watagundua mstari umezidi kidogo sana. Si kosa lao. Mzunguko kamili wa dunia ni saa 23, dakika 56 na sekunde 4.

Baada ya hapo geuza kamera kusini. Mistari itakuwa tao zenye kitovu kimoja, na kimo cha kitovu hicho juu ya upeo wa macho ni sawa na latitudo ya mahali: karibu digrii 7 Dar es Salaam, karibu 9 Mbeya. Nairobi, kitovu hulala digrii moja na kitu tu juu ya upeo, hata kilima kidogo hukificha.