Uadilifu katika Ukusanyaji na Uchapishaji wa Data za Lugha: Mfano wa Chiyao cha Tunduru

1.0 Utangulizi
Uadilifu wa mtafiti hupimwa uwandani kabla ya kupimwa jaridani. Makala hii inajadili makosa mawili yanayoharibu utafiti wa lugha, kwa mfano wa Chiyao wilayani Tunduru, Mkoa wa Ruvuma.

2.0 Kubuni data
Chiyao huzungumzwa Tunduru na Masasi, na pia Msumbiji na Malawi. Kimeandikiwa kamusi na Sanderson (1954), na kuchambuliwa na Whiteley (1966) na Ngunga (2000). Utajiri huo ni neema, lakini pia ni kishawishi. Mtafiti aliyekaa mjini siku mbili aweza kunakili maneno kutoka katika kamusi iliyotungwa Malawi, kisha akadai aliyasikia kijijini Tunduru. Hata kama kila neno ni la Chiyao halisi, data hiyo ni ya kubuni. Tofauti za kilahaja, ambazo ndizo zilizotafutwa, zitakuwa zimefutwa. Na watafiti watakaofuata watajenga juu ya msingi usiokuwepo.

3.0 Kupora kazi ya mwingine
Kitabu *Desturi za Wasuaheli* kilitoka Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, ilhali sehemu kubwa ya matini yake iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari. Tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, ndiyo iliyompa Mtoro nafasi ya mwandishi. Vivyo hivyo, bibi wa Tunduru anayesimulia ngano si chombo cha kutolea data. Ni mwenye kazi. Atajwe akiridhia, na asitajwe akikataa.

4.0 Namna ya kuepuka makosa
Kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, hakichukui nafasi ya ridhaa ya msimulizi. Kila data iandamane na tarehe, kijiji na kanda iliyorekodiwa. Neno lisilopatikana liandikwe kuwa halikupatikana: pengo la kweli lina manufaa kuliko jedwali lililojazwa kwa uongo.

5.0 Hitimisho
Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika taaluma, hata hivyo, yaweza kuwa ndefu, kwani kosa lililochapishwa hunukuliwa tena na tena. Wanaopata hasara kubwa ni wazungumzaji wenyewe, ambao watoto wao watasomeshwa lugha isiyo yao kwa jina la lugha yao.