Dondoo muhimu: Kujitolea ughaibuni, kuanzia Morogoro

Mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUA au Mzumbe anayetamani kujitolea nje ya nchi aanze kwa kutazama mpango wa vijana wa kujitolea wa Umoja wa Afrika, ulioanzishwa 2010 kwa wenye miaka 18 hadi 35. Ujerumani nayo, kupitia mpango wake wa kujitolea uitwao weltwärts, hupokea vijana kutoka Afrika. Malazi, bima na posho hulipiwa.

Pasipoti kwanza! Majina kwenye cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA yakitofautiana hata herufi moja, maombi huweza kukwama.

Anayedai ada kubwa kabla ya usaili aepukwe kabisa.

Barua ya maombi nayo itaje kazi iliyokwisha fanyika: matuta yaliyochimbwa Mgeta, miche iliyobebwa kichwani hadi miteremko ya Uluguru, mingapi ilishika, mingapi ilikauka.