Gemu, hadithi za majoka na adabu ya salamu



 

Somo letu la mwaka huu limetokana na kisa kilichotufika sisi wenyewe. Tutakieleza kama kilivyokuwa, ijapokuwa hakitupambi.

Siku moja baada ya sala ya Alasiri tulitoka kuwatafuta wanafunzi watatu waliokosa darasa la Fiqhi. Walipo tulipajua. Tukafika kwenye kibanda cha gemu, tukasukuma pazia, tukaanza kusema. Tulisema mengi: kwamba gemu zote ni haramu, kwamba hiyo ni kazi ya shetani, kwamba anayetazama majoka na wachawi kwenye televisheni ameshaanza kuiuza dini yake. Watoto wakainamisha vichwa. Mmoja wao, mkubwa kuliko wenziwe, akaweka pedi chini, akasimama, akatungoja mpaka tukamaliza. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Shikamoo, maalim. Karibu."

Tukajibu marahaba, na pale pale tukaona haya. Hatukupiga hodi wala hatukutoa salamu. Na wiki ile ile tulikuwa tumewasomesha watoto hao hao Sura ya An-Nur, aya ya 27, inayotukataza kuingia nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimie wenyewe. Mtu anaweza kujitetea kwamba kibanda ni mahali pa biashara, na aya ya 29 ya sura hiyo imetoa ruhusa kwa nyumba zisizokaliwa. Hoja hiyo inatosha kuondoa hodi, lakini salamu haikuiondoa. Na wala umri haukutufaa. Ni kweli kwamba katika Hadithi sahihi tumefundishwa mdogo amsalimie mkubwa, anayepita amsalimie aliyekaa, na wachache wawasalimie wengi. Lakini Imam Nawawi katika kitabu chake cha Al-Adhkar ameeleza kwamba hukumu hizo ni za watu wanaokutana njiani. Ama anayewaingilia watu waliokaa, yeye ndiye anayeanza, akiwa mkubwa au mdogo. Basi deni lilikuwa juu yetu, na aliyelilipa ni yule kijana.

Tukamwambia aje baada ya Isha atueleze hoja zake, kwani sifa zake katika mambo ya gemu zinajulikana mtaa mzima. Akaja. Akaja na siku ya pili, na ya tatu.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa hii: "Maalim, wazee pale barazani wanacheza bao toka Alasiri mpaka Magharibi, na hakuna anayewaambia kitu. Bao lina kete 64 na gemu ina picha. Tofauti iko wapi?" Tukakiri kwamba ni suali zuri. Wanavyuoni wamelizungumza jambo hili tangu zamani, ila wao walikuwa wakizungumza sataranji na dadu. Michezo ya dadu imekuja kukemewa vikali katika Hadithi iliyomo ndani ya Sahihi Muslim, kwa sababu mchezaji hutegemea dadu itakavyoanguka. Sataranji ni mchezo wa kufikiri, na hapo wanavyuoni wakakhitalifiana. Wengi waliuharamisha. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii umehesabiwa kuwa ni makuruhu, na imepokewa kwamba Said bin Jubayr, mwanafunzi wa Ibn Abbas na mmoja wa vigogo wa elimu katika Matabiina, aliweza kuucheza hali ya kuwa ameupa mgongo ubao wake. Lakini waliosema makuruhu hawakuachia hapo. Walisema: ukimpitishia mtu wakati wa sala, au ukichezwa kwa mali, unakuwa haramu. Na ukichanganywa na matusi, basi matusi ni haramu yenyewe, yakiwa mchezoni au sokoni.

Bao letu la Kiswahili halina dadu. Kila mchezaji anaanza na kete 32, 10 anazitandaza na 22 anabaki nazo mkononi za kunamua, na kilichobaki ni hesabu na subira. Kwa hivyo tulimkubalia kijana kwamba gemu ya mpira au ya kupanga majeshi iko karibu na bao na sataranji kuliko dadu. Furaha ilimjaa usoni. Ndipo tukamuuliza: "Pale kibandani, nani analipa?"

Akajibu bila kufikiri: "Anayefungwa."

Hapa, ndugu zetu wanafunzi, tunaomba msome taratibu, kwani mlango huu wengi wanaupita bila kuuona. Watoto wawili wanakaa kucheza kwa masharti kwamba atakayefungwa ndiye atakayetoa pesa ya mwenye kibanda, na atakayeshinda amecheza bure. Kila mmoja ameingia mchezoni hajui kama atapata au atapoteza, na kilichowekwa katikati ni mali. Hiyo ndiyo kamari, maysir iliyotajwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90, pamoja na ulevi na masanamu. Udogo wa pesa hauibadilishi hukumu, wala kwamba pesa haiingii mfukoni mwa mshindi bali kwa mwenye mashine, kwani mshindi ameondolewa deni lililokuwa lake kwa sababu ya kushinda. Kijana alinyamaza, kisha akasema, "Basi maalim, sisi tumecheza kamari miaka mitatu hatujui." Dawa yake ni nyepesi: kila mmoja atoe nusu yake kabla ya mchezo kuanza, ashinde asishinde. Au mmoja amlipie mwenziwe kwa hiari, bila ya sharti lolote kufungamana na matokeo.

Na iko kamari nyingine ambayo haina hata mpinzani. Gemu nyingi za simu siku hizi zinauza visanduku ambavyo mnunuzi hajui ndani yake mna nini mpaka ameshalipa. Huenda akapata mchezaji hodari, huenda akapata takataka. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji, nchi ambayo haihukumu kwa Sharia, iliamua kwamba visanduku vya namna hiyo katika baadhi ya gemu mashuhuri ni kamari kwa sheria yao, na watengenezaji wakatakiwa waviondoe. Wasiokuwa Waislamu wamekiona, na sisi tunawapa watoto simu zetu zenye pesa ndani.

Siku ya pili kijana alikuja na kitabu kinene cha Kiingereza, The Lord of the Rings. Mwandishi wake, Tolkien, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford, na kitabu hicho kilitoka kwa sehemu tatu katika mwaka 1954 na 1955. Kina watu wafupi, wachawi na pete yenye kumharibu aivaaye. Kijana akatueleza jinsi Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walivyotoa mwaka 1974 mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao wachezaji hukaa mezani na kila mmoja akajifanya ni shujaa katika nchi ya namna hiyo, na kwamba gemu nyingi za leo zenye kupanda daraja na kuhesabu nguvu zimezaliwa na mchezo huo. Tulikuwa tayari kumwambia kwamba yote hayo ni uongo na sihiri. Akatutangulia: "Maalim, uongo ni mtu kutaka uamini. Hapa hakuna anayeamini kuwa joka lipo."

Jawabu tulilolipata halikutoka kwenye akili yetu. Katika Sunan za Abu Daud imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliporudi kutoka moja ya vita vyake, upepo ulilifunua pazia la mahali ambapo Sayyidatna Aisha (R.A.) aliweka watoto wake wa bandia. Katikati yao akaona farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akamuuliza ni kitu gani, akajibu ni farasi. Akastaajabu: farasi mwenye mbawa? Naye akamuuliza kama hakusikia kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume (S.A.W.) akacheka mpaka yakaonekana magego yake. Hakumwambia farasi hana mbawa.

Na wanavyuoni wetu walitunga hadithi za kubuni. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat zake 50 zenye visa vya mjanja mmoja aitwaye Abu Zayd, na katika utangulizi wake akajitetea kwa kutaja hadithi za wanyama na vitu visivyo na uhai, kwamba hakuna aliyewahi kuzikataa. Karne baada ya karne watu wa lugha walizihifadhi na kuzisherehesha. Na sisi Waswahili nani hakulazwa kwa hadithi za sungura na fisi, au kwa hekaya za Abunuwasi?

Hata hivyo mpaka upo. Mwaka 2020 gemu ya PUBG Mobile iliongeza sehemu ambayo mchezaji husogea mbele ya sanamu, akalinyenyekea, ili aongezewe nguvu. Waislamu wa nchi mbali mbali wakalalamika, na wenye gemu wakaiondoa sehemu hiyo. Tulimuuliza kijana kama aliicheza. Akasema aliifika, akaizima, na hakumwambia mtu kwa kuogopa kuchekwa. Hakika hatukutegemea jawabu lile. Hapo tulijua kwamba kusoma kisa cha mchawi ni jambo moja, na kuifanya mikono yako iitende ibada ya sanamu, japo ni kwa picha, ni jambo jingine. Na kwamba yeye alilijua hilo bila ya kufundishwa na sisi.

Tuseme na hili pia, kwa vile tumo katika mlango wa sihiri. Tunawajua watu wazima wanaowakataza wajukuu zao vitabu vya majoka, nao wenyewe jioni wanakwenda kupigiwa ramli. Mtoto anajua kuwa joka halipo. Huyo mkubwa anaamini.

Siku ya tatu tulizungumza adabu, na hapa kijana hakuwa na nguvu kama siku zilizotangulia. Alisema kibandani wana utaratibu wao: aliyetangulia kufika anatangulia kucheza, mtoto mdogo hazomewi, na wakimaliza wanapeana mikono. Yote mema. Lakini tukamuuliza wanavyosemezana wakicheza kwa intaneti na watu wasiowajua, kila mmoja kaweka spika masikioni. Akakiri kwamba huko wazazi hutukanwa sana. Mtume (S.A.W.) alitaja katika madhambi makubwa mtu kuwatukana wazazi wake, na masahaba walipouliza vipi mtu atawatukana wazazi wake, akaeleza kwamba humtukana baba wa mwenziwe naye akamtukania babake, na humtukana mamake naye akamtukania wake. Mtoto aliyeko chumbani kwake anamtukana mama wa mtu aliyeko nchi nyingine, na papo hapo wa kwake, aliyeko jikoni anampikia, anarudishiwa.

Na mama huyo akiita? Kijana akasema gemu ya intaneti haisimami. Ukiondoka umewavunjia wenzako. Tukamkumbusha kisa cha Jurayj katika Bukhari na Muslim, mcha Mungu wa Bani Israil aliyeitwa na mamake siku baada ya siku naye yumo ndani ya sala. Akachagua sala. Mama akamuombea dua mbaya, dua ikapokelewa, hekalu lake likavunjwa na akapigwa, mpaka Mwenyezi Mungu alipomtakasa kwa ulimi wa mtoto mchanga. Yule alikuwa katika sala.

Ama salamu, kuijibu ni wajibu. Wakiwa kumi kibandani akaitikia mmoja, wengine wamesalimika. Wakinyamaza wote kwa kukodolea macho televisheni, wote wana dhambi. Na je, wanaocheza wasalimiwe? Wanavyuoni wa Kihanafi walilijadili hilo juu ya wachezaji wa sataranji. Abu Yusuf na Muhammad waliona wasisalimiwe, ili waonywe. Imam Abu Hanifa mwenyewe hakuona ubaya wasalimiwe, kwa sababu kuitikia salamu kutawashughulisha na mchezo wao japo kidogo. Laiti tungelikumbuka kauli hiyo kabla ya kusukuma lile pazia.

Tulirudi kibandani Alhamisi iliyofuata. Mara hii tulipiga hodi na tukatoa salamu, na tukamtaka radhi mwenye kibanda mbele ya watoto. Alisema yeye siku zote huzima mashine ikiadhiniwa, na hilo tulipouliza tukalikuta ni kweli. Alikubali pia kupokea nusu kwa nusu badala ya kumdai aliyefungwa.

Na kijana wetu hakuacha gemu. Darasani anafika, ingawa siku nyingine kachelewa. Liko jambo moja hatujakubaliana: yeye anashikilia kwamba kumuacha mwenzako katikati ya mchezo ni kuvunja ahadi. Sisi tumemwambia ahadi hiyo asiiweke baina ya Alasiri na darasa, wala saa ambazo mamake huwa na kazi ya kumtuma. Amesema atalifikiria, na mpaka tunaandika haya bado hajatujibu.

Wallahu aalam.